Kupiga kambi kando ya bahari Korsika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Korsika, kisiwa cha Ufaransa kilicho kaskazini mwa Sardinia, ni mlima uliosimama baharini. Kilele chake, Monte Cinto, kina mita 2,706 na kiko takriban kilomita 25 tu kutoka pwani ya magharibi. Anayelala hemani ufukweni hulala miguuni pa mlima huo, na karibu kila tunaloulizwa, liwe la upepo, la barabara, la moto au la mto, jibu lake linaanzia huko juu.

Niende mwezi gani?

Juni, au nusu ya kwanza ya Septemba. Kambi nyingi hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa mwisho wa Septemba au katikati ya Oktoba. Julai na Agosti kumejaa pomoni, bei iko juu, na baadhi ya njia za msituni hufungwa kwa hofu ya moto.

Aliyezoea maji ya Mombasa au Unguja ajue kwamba bahari ya hapa mwezi Mei ina nyuzi 17 au 18 tu: utaingia hadi magotini, utarudi. Agosti hufika karibu 25, na Septemba bado ni 23 hivi. Ila kuanzia katikati ya Septemba mvua kubwa za Mediteranea huanza, na hapo mahali ulipofunga hema huwa na uzito kuliko hema lenyewe. Kwa usiku wa Juni chukua mfuko wa kulalia unaofaa hadi nyuzi 10. Hewa baridi huteremka kutoka mlimani jua likishazama, hata kama mchana mlikuwa mnatafuta kivuli.

Pwani ipi inafaa?

Mashariki, kutoka Bastia kushuka hadi Solenzara, ndiko kwenye tambarare pekee kubwa ya kisiwa. Fukwe ni za mchanga, ndefu, na kambi ni kubwa, zimejificha chini ya misonobari na mikalitusi. Barabara imenyooka, na anayevuta karavani hapati shida. Si upande mzuri kwa picha, lakini kwa familia yenye watoto wadogo ndio tunaoupendekeza kwanza.

Magharibi ni ghuba baada ya ghuba: Porto, Sagone, Ajaccio, Valinco. Milima inaingia baharini moja kwa moja, na penye Porto miamba ni myekundu hasa. Ufukwe wa Porto wenyewe ni wa mawe ya mviringo. Bila viatu vya maji utatembea kama mtu anayekanyaga makaa. Kambi ziko bondeni, si kwenye mchanga, kwa hiyo uliza ni dakika ngapi kwa miguu hadi baharini kabla ya kulipa.

Balagne, kati ya Calvi na L'Île-Rousse, ndiyo inayomfaa asiye na gari. Reli inapita sambamba na fukwe, treni ndogo husimama karibu na kambi, na ghuba ya Calvi ina msitu wa misonobari hadi ukingoni mwa mchanga.

Kusini kuna Palombaggia, Santa Giulia na Rondinara: maji ya samawati, kina kifupi, watu tele. Upepo wa mlango wa bahari wa Bonifacio, kati ya Korsika na Sardinia, hauna huruma.

Ufukwe wa Saleccia, katika jangwa la Agriates, huulizwa sana. Kufika ni kwa boti kutoka Saint-Florent au kwa njia ya vumbi yenye mashimo ya takriban kilomita 12 kutoka Casta. Gari dogo la kukodi lisijaribu. Bima nyingi za magari ya kukodi hazifidii uharibifu wa njia za vumbi.

Je, naweza kufunga hema popote ufukweni?

Hapana. Kulala nje ya kambi zilizoidhinishwa kumekatazwa, na katazo hilo linahusu pia gari la kulala lililoegeshwa kando ya ufukwe. Bango huandikwa “camping sauvage interdit”. Askari hupita alfajiri, huamsha watu na kuandika faini. Huko mlimani, kwenye njia ya GR20 ya kilomita 180 hivi, hema huruhusiwa kando ya vibanda vya wapanda milima tu, tena kwa malipo.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa awe na kibali cha ukaazi cha nchi mojawapo ya Schengen. Kibali cha Uingereza hakikuondolei wajibu huo. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kwa uthibitisho wa malazi, barua ya kambi inakubalika kama ya hoteli, mradi iwe na majina ya wote na tarehe za kila usiku. Kosa la kawaida ni kuhifadhi usiku tatu za mwanzo na kuacha siku kumi zilizobaki wazi “tutaona hukohuko”.

Tunafikaje?

Kwa ndege kupitia Bastia, Ajaccio, Calvi au Figari. Kwa feri kutoka Marseille, Toulon au Nice, au kutoka Italia: Livorno, Savona na Genoa. Livorno hadi Bastia ni saa nne na kitu. Kutoka Marseille wengi husafiri usiku kucha. Kutoka Sardinia, Santa Teresa Gallura hadi Bonifacio ni kama saa moja, lakini upepo ukikaza feri hiyo husitishwa, basi usiiweke siku ileile ya ndege yako.

Mwenye ndege akumbuke kwamba mtungi wa gesi haupandi ndege, si begini wala mkononi. Jiko lenyewe lisafishwe lisinuke mafuta, la sivyo linaweza kubakia kwa walinzi wa uwanja wa ndege.

Kilomita 80 ni safari ya muda gani?

Inategemea upande. Mashariki, saa moja na kidogo. Magharibi, Porto hadi Calvi kwa barabara ya D81, ambayo ni kama kilomita 80, ni zaidi ya saa mbili, na abiria wa nyuma atataka kutapika. Tunapohesabu safari za magharibi tunaweka kilomita 35 hadi 40 kwa saa, halafu tunaongeza nusu saa ya ng'ombe. Ng'ombe na nguruwe hutembea huru na hupenda kulala kwenye lami yenye joto, mara nyingi baada tu ya kona.

Kati ya Porto na Piana barabara imechongwa kwenye mwamba na ni nyembamba. Basi la watalii na karavani vikikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Mwenye karavani apite saa moja asubuhi au asipite kabisa. Bei ya mafuta ni ya juu na vituo mlimani ni vichache, basi jaza tangi ukiwa mjini.

Nichague kiwanja kipi ndani ya kambi?

Watu huomba “kilicho karibu na maji”. Sisi tungeomba mambo mengine kwanza.

Tazama juu. Agosti 18, 2022 asubuhi, dhoruba iliingia kutoka baharini upande wa magharibi na upepo uliozidi kilomita 220 kwa saa sehemu za milimani. Watu 5 walikufa kisiwani, wakiwemo waliokuwa kambini na kuangukiwa na miti. Kivuli cha msonobari ni neema ya Agosti, lakini usilale chini ya tawi kavu, mti ulioinama, au mkalitusi mkubwa unaodondosha magome na matawi. Funga hema pembeni ya kivuli, ili mti ukukinge na jua la saa nane mchana bila kuwa juu ya kichwa chako.

Tazama chini. Kijibonde kikavu chenye mawe laini ya mviringo ni mto uliolala. Mvua ikinyesha mita 1,500 juu yako, maji yatafika huku ufukweni jua linawaka. Ukiona takataka za matawi zimenasa kwenye vichaka kwa urefu wa goti, hiyo ndiyo alama ya maji ya mara ya mwisho.

Kisha tazama mlima. Mchana upepo hutoka baharini, huanza kama saa tano na kulegea machweo. Usiku huteremka bondeni kuelekea baharini. Kiwanja kilicho katikati ya mdomo wa bonde hupigwa na pepo zote mbili. Msogeo wa mita thelathini tu nyuma ya ukuta wa mawe hubadilisha usiku wote.

Mzoefu wa kusi na kaskazi asahau kalenda yake. Hapa hakuna upepo wa msimu wa kutegemewa. Libeccio wa kusini-magharibi anaweza kuanza adhuhuri na kukaa siku tatu. Akishavuka kilele humwagika upande wa Bastia akiwa mkavu, wa moto, na kwa mapigo ya ghafla.

Vigingi vyangu vinapinda. Nifanye nini?

Vijiti vyembamba vya alumini vinavyokuja na hema viache nyumbani. Magharibi na kusini ardhi ni mchanga wa matale juu ya mwamba: chukua vigingi vya chuma vya sentimita 20 hadi 25, unene wa milimita 8 hivi, na nyundo. Kwa mchanga wa mashariki chukua vipana vya sentimita 30 au zaidi. Hema la familia hula vigingi 20, beba 26.

Kabla ya kufungua hema, ondoa mawe na mbegu za misonobari, kisha lala chini kwenye turubai ujue mteremko uko wapi. Kichwa kiwe juu. Elekeza upande mfupi na wa chini wa hema kwenye upepo, pigilia kwanza pembe mbili za upande huo, ndipo uinue nguzo. Kigingi kiinamie nje, kichwa chake kikilikimbia hema, ili kamba na kigingi vifanye pembe mraba. Kikigoma baada ya sentimita tano, usiongeze nguvu: umegonga jiwe. Kisogeze sentimita kumi. Ardhi ikiwa ngumu kama tofali, mwaga lita moja ya maji kila sehemu na usubiri nusu saa.

Kwenye mchanga mlegevu, jaza mfuko imara mchanga wa kilo tano, ufunge kamba, uzike sentimita 40 na ushindilie kwa miguu. Mfuko huo hushika kuliko kigingi chochote, na uufukue siku ya kuondoka.

Jioni kaza kamba tena. Kitambaa cha nailoni hulegea kikipata umande, na hema lililolegea ndilo linalopasuka. Utabiri ukisema upepo wa kilomita 60 kwa saa, shusha turubai la kivuli kabla ya kulala. Hilo ndilo huruka kwanza, na huondoka na nguzo zake hadi kwa jirani.

Umeme ukoje?

Volti 230. Kambi huuza umeme kwa ampea, kwa kawaida 6 au 10. Ampea 6 ni wati 1,380: friji ndogo, taa na simu, basi. Birika la wati 2,000 litakata umeme mara moja, na wakati mwingine swichi imefungiwa ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake uko mapokezi, na mapokezi yamefungwa saa mbili usiku.

Soketi nyingi ni zile za buluu za mviringo zenye pini tatu. Za zamani ni za nyumbani za Kifaransa. Plagi ya pini tatu bapa ya Tanzania, Kenya au Uingereza haiingii kwenye hata moja. Utahitaji waya wa mita 25 wenye nyuzi tatu, unene wa milimita 2.5 za mraba, pamoja na adapta ya buluu. Waya ukiwa kwenye gurudumu la kuzungushia, ukunjue wote: waya uliozungushwa hupata joto hadi plastiki yake inayeyuka.

Tunaruhusiwa kuchoma nyama?

Kwa mkaa kwenye kiwanja chako, hapana. Kiangazi moto wa wazi umekatazwa kisiwani, na mashambulio ya moto wa vichaka si hadithi hapa. Vichaka vyenyewe, maquis, vimejaa mafuta yenye harufu: mihadasi, rozimari na vingine, na vikishika moto huku upepo ukivuma hakuna mguu unaoweza kukimbia. Kambi kadhaa zimejenga mahali pa pamoja pa kuchomea penye zege na bomba la maji. Tumia pale tu. Hata kipande cha sigara kizimwe kwenye maji.

Jiko la gesi hukubaliwa. Mtungi wa buluu wa Campingaz namba 907 una kilo 2.75 hivi za butani. Kwa kichomeo cha wati 1,500 unatosha kama saa 23. Kopo la gramu 230 huisha baada ya saa mbili. Angalia mdomo wa jiko lako kabla ya kununua: kuna makopo ya kubana na kuna ya kuzungusha kama skrubu, na moja haliingii kwenye jingine. Weka jiko juu ya ardhi tupu, si kwenye sindano za misonobari, na lisiwashwe ndani ya hema hata kwa dakika moja. Jiko hutoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi, nayo haina harufu.

Ugali je?

Unga wa mahindi wa njano wa kupikia polenta upo supamaketi. Soma mfuko: ulioandikwa “précuite” umeshapikwa na hutoa uji mzito, si ugali. Wakorsika wenyewe wana ndugu yake: pulenda, inayosongwa kwa unga wa njugu za chestnuti hadi inashikana, ikamwagwa juu ya kitambaa chenye unga na kukatwa kwa uzi. Ni tamu kidogo. Ni chakula cha baridi, kiangazi hukipati kila mahali.

Asiyekula nguruwe awe macho, kwani prisuttu, coppa, lonzu na figatellu ni fahari ya kisiwa na huingia hata kwenye saladi. Kisiwa kina wakazi wengi wenye asili ya Moroko, kwa hiyo katika miji mikubwa wachinjaji wa halali wapo. Nunua huko na ujaze deli lako kabla ya kwenda kambini. Samaki ni salama, ila ghali.

Maji ya bomba yananyweka? Na mto?

Bomba la kambi ndiyo, isipokuwa penye bango “non potable”. Usinywe maji ya mto.

Kuogelea kwenye vidimbwi vya mto ni raha ya pili baada ya bahari, lakini kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa upesi kuliko Mfaransa: kichocho. Mwaka 2014 iligundulika kwamba watu waliooga mto Cavu, karibu na Porto-Vecchio, waliambukizwa kichocho cha mkojo miaka ya nyuma yake. Waliothibitika walizidi 100. Konokono anayehitajika na kimelea tayari alikuwepo mtoni, na kimelea kilihusishwa na aina za Senegali. Mwaka 2019 kisa kingine kilihusishwa na mto Solenzara. Soma mbao za manispaa ukingoni. Ukiona damu kwenye mkojo miezi miwili au mitatu baadaye, mwambie daktari uliogelea mto gani. Daktari wa Ulaya huenda asikiwazie kichocho kwa mtu aliyetoka likizo Ufaransa.

Na bahari ina hatari gani?

Hakuna maji kupwa na kujaa ya kuhesabu. Tofauti ni sentimita ishirini au thelathini, hakuna bamvua. Kinachopandisha maji ni dhoruba, na wimbi la libeccio hula ufukwe hadi kwenye miti.

Yavuyavu wa zambarau huletwa na mkondo. Akikugusa suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, usisugue. Kwangua mabaki kwa kadi ya plastiki. Samaki mdogo aitwaye vive hujizika mchangani penye maji ya magotini na miiba yake ina sumu. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu.

Marundo ya majani ya kahawia mchangani si uchafu. Ni posidonia, nyasi ya bahari, na manispaa nyingi huyaacha makusudi kwa sababu huzuia mawimbi kula mchanga.

Kuna malaria?

Siku hizi hapana, ingawa tambarare ya mashariki ilisumbuliwa nayo hadi kipindi cha Vita vya Pili vya Dunia. Mbu wapo, pamoja na mbu chui anayeuma mchana. Chandarua na dawa ya kupaka.

Naweza kuogelea nikiwa nimejisitiri?

Bwawa la kambi na bahari ni mambo mawili. Mabwawani kanuni za usafi hukataa hata kaptura pana za wanaume, na vazi la mwili mzima mara nyingi pia. Omba kanuni kwa barua pepe kabla ya kulipa. Ufukweni, mwaka 2016 Baraza la Dola la Ufaransa, mahakama yake ya juu ya utawala, lilisimamisha katazo la burkini la mji wa Villeneuve-Loubet bara, lakini mahakama ya utawala ya Bastia ililiacha lile la kijiji cha Sisco. Tazama ubao wa manispaa penye lango la ufukwe.

Likitokea la kutokea, nipige namba gani?

112 kwa yote. 15 daktari, 18 zimamoto, 196 uokoaji baharini. Andika jina la kambi na manispaa kwenye karatasi ndani ya hema, maana ukiwa na hofu “Sagone” na “Solenzara” huchanganyika. Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, hutoa tahadhari kwa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Kwenye chungwa ya dhoruba, toka hemani uingie kwenye jengo la mabafu au mapokezi. Gari chini ya mti si kimbilio. Mabonde kadhaa simu haishiki, kwa hiyo angalia utabiri kabla ya kushuka.

Siku ya kuondoka?

Kiwanja hukabidhiwa asubuhi, kati ya saa nne na saa sita. Hesabu itakuwa na kodi ya utalii kwa kila mtu mzima kwa kila usiku. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Hema lililofungwa na umande huvunda ndani ya siku mbili, hivyo likianikwa saa moja kwenye uzio kabla ya safari ni bora. Mchanga wa bahari uukung'ute kwenye zipu kwa mswaki mkavu. Chumvi ndiyo inayoua zipu, na hema lisilofunga mlango halitakufaa mwakani.